Chuma Namba Kumi na Nne

Mwanangu Atupele,

Lori likipiga honi pale dukani usinitafute, sitakuwepo. Watakaokusindikiza ni mama yako na mjomba wako Ambokile, na Ambokile atafika nawe mpaka Mbeya mjini akupandishe basi la Iringa. Najua uliniomba mimi, na nilikubali mbele ya watu. Neno hilo nalivunja kwa sababu asubuhi hiyo hiyo ya kesho nina shauri kwa jumbe, na shauri lenyewe haliwezi kungoja. Nimemwambia mama yako akupe barua hii ukishaketi juu ya mizigo, si kabla. Nakujua. Ungeisoma ukiwa bado chini ungekataa kupanda, na wewe ukikataa jambo hata ng'ombe wawili hawakuvuti.

Mambo ya blanketi, ya dawa ya chawa, ya baridi ya Iringa na ya kutoazima watu sahani, mama yako ameshayasema mara tatu, na mara ya nne atayasema lori likianza kutembea. Mimi sina la kuongeza hapo. Nina jambo moja tu la kukueleza, na nataka ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa abiria wenzako.

Kengele ya shule, ile uliyoigonga kila asubuhi kwa miaka minne, ni chuma cha daraja la reli. Ni mimi niliyekitoa.

Sasa usinikasirikie haraka. Kasirika baadaye ukishamaliza kusoma, maana huko mbele kuna mabaya zaidi ya hilo.

Daraja lile wewe umelikuta limeshazeeka, nyasi zimeota kwenye vichwa vyake na ndege wamejenga. Mimi nililiona likiwa limelala chini vipande vipande, kama mbuzi aliyechinjwa. Vyuma vilikuja na treni mpaka Itigi, kutoka Itigi vikaja na malori kwa siku nyingi, vingine virefu kuliko lori lenyewe. Havikuwa vipya. Vilikuwa vimekwisha kufanya kazi kwenye daraja jingine huko pwani, tangu enzi za Wadachi, wakavifungua na kuviuza. Ndiyo maana mpaka leo ukitazama vizuri utaona matundu yasiyo na bolti. Ni matundu ya kazi ya zamani. Kila chuma kilipigwa namba kwa tindo, ili mafundi wajue kipi kinakwenda wapi, na sisi tulioajiriwa tulijifunza kusoma namba zile kabla wengi wetu hatujajua kusoma kitu kingine chochote.

Tulikuwa Wanyakyusa, Wasafwa, Wanyiha, Wakimbu, kila mtu na lugha yake, Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokoteza. Fundi mkuu alikuwa Kalasinga mmoja mwenye ndevu nyeupe, mkali sana kwenye kazi na mpole akishakula. Siku ya kwanza alitukusanya, akakata mabua manne ya mahindi, akayafunga kwa kamba kuwa kama dirisha. Akamwita mtu alisukume kwa kidole. Dirisha likaegama upande. Kisha akachukua mabua matatu, akayafunga, akatuambia tusukume. Tulisukuma mpaka mabua yakakaribia kuvunjika, umbo halikuegama. Akasema daraja zima ni hiyo tu, pembetatu juu ya pembetatu, na kwamba chuma chembamba kilichofungwa vizuri na wenzake kinabeba kuliko gogo nene lililolala peke yake. Tulicheka. Miezi minne baadaye toroli la kwanza lenye mawe ya dhahabu lilivuka bonde kutoka mgodini kwenda kwenye kinu, na hakuna aliyecheka tena. Nilikuwa nimesimama chini kabisa, kwenye maji, natazama juu. Sijapata kujivuna kama siku ile, hata siku uliyozaliwa wewe, mama yako anisamehe.

Baada ya hapo wengine walirudi mgodini, mimi nikabaki na daraja. Kazi yangu ilikuwa kulitembea kila siku kutoka mwanzo hadi mwisho na nyundo ndogo. Unagonga chuma, unaweka kidole upande wa pili, unasikiliza. Chuma kinachovutwa kinalia juu, kwa sauti nyembamba. Kinachokandamizwa sauti yake ni nzito na fupi. Ribiti iliyolegea inakuchoma kidoleni kabla sikio halijasikia. Nililijua daraja lile kwa sauti kuliko nilivyozijua sauti za shangazi zako.

Katikati ya daraja, kila upande, kuna vyuma viwili vimekaa hanamu, vimepishana kama mtu aliyefunga mikono kifuani. Kimoja kilikuwa kinalia. Kimoja, namba kumi na nne, kilikuwa kimya. Nikigonga kinanijibu kama ninayegonga mti. Nilimwendea Kalasinga nikamwambia kuna chuma hakifanyi kazi. Kesho yake alinisimamisha pale pale, akaamuru toroli lililojaa lisukumwe mpaka robo ya daraja lisimame. Akaniambia nigonge. Kikalia, Atu. Kikalia juu kuliko vyote.

Akaniambia, "Wewe nagonga daraja tupu, daraja nadanganya wewe. Hii chuma iko na kazi mzigo ikifika robo njia."

Nimeyakumbuka maneno hayo wiki hizi tatu kuliko sala. Siwezi kusema sikuambiwa.

Halafu mgodi ukafungwa. Ulikuwa mdogo bado, lakini utakumbuka namna watu walivyoondoka, nyumba za kambi zikabaki na milango wazi. Kampuni iling'oa reli ikaondoka nazo, matoroli yakaondoka, mitambo ya kinu ikaondoka. Daraja waliliacha, nadhani kulifungua kulikuwa na taabu kuliko thamani yake. Watu wakatandika mbao juu yake wakaanza kupita kwenda mashambani na kanisani. Mimi niliendelea kulitembea na nyundo yangu, bila mshahara, kila Jumamosi. Mama yako aliniita mwendawazimu. Nilimwambia mtu haachi kumjulia hali jirani kwa sababu amefukuzwa kazi. Lakini toroli la kunipimia halikuwapo tena. Kila Jumamosi niligonga daraja tupu, na kila Jumamosi namba kumi na nne ilinyamaza, na taratibu nikaanza kuamini masikio yangu kuliko mwalimu wangu.

Ndipo shule ikaja. Mwalimu alikuwa anaita watoto kwa kupiga kisahani cha jembe la ng'ombe, sauti yake haifiki hata kwa Mzee Sanga. Siku moja baada ya ibada akaomba watu watafute chuma kizuri. Watu wakatazama chini. Mimi nikasimama. Nilikuwa mzee mpya wa kanisa, na joho la sifa lilikuwa bado halijanikaa mabegani. Nikasema chuma nitakileta mimi.

Nilikitoa alfajiri ya Jumamosi peke yangu, kwa spana za kazi zilizobaki kwangu. Kilikuwa kimelegea hata hakikubishana. Nikajiambia mwenyewe kwa sauti kwamba chuma kilichokaa bure ni heri kifanye kazi ya Mungu. Nilipokwisha kukishusha nilitembea juu ya daraja nikaruka ruka, mtu mzima mimi, halikutikisika. Nikafurahi. Kilikuwa kirefu mno kwa kengele, nikakipeleka kwa Mzee Halinga akikate katikati. Aliniuliza kimetoka wapi. Nilimwambia nilikinunua kwenye mabaki ya mgodi. Mzee yule Mnyiha amefua vyuma tangu hajaota ndevu, na baba yake alikuwa akiyeyusha mawe kutoa chuma kabla hatujaletewa cha Ulaya. Alikigeuza mara mbili, akalitazama tundu la bolti lililo mwishoni mwake, akakitia motoni. Nusu moja ndiyo kengele. Nusu ya pili ndiyo komeo la mlango wetu wa jikoni, umelifungua na kulifunga maisha yako yote ya shule.

Siku ya kuitundika waliimba. Mwalimu akasema kazi ya kuigonga apewe mtoto wa aliyeileta, ndipo ukapewa wewe, na wewe ukawa unagonga kwa muda mrefu hata majirani wakaniuliza kama mtoto wangu analipwa kwa kila pigo. Mwezi wa kwanza tu ulikisugua chuma kwa mchanga ukaona namba. Ulikuja mbio ukaniuliza, "Tata, hii kumi na nne ni ya nini?" Nilikuambia ni namba ya kiwanda. Ukaridhika. Nilikutazama ukirudi shuleni mbio vile vile, na hapo nilijua kabisa kuwa nimesema uongo, maana mtu huwa hamtazami mtoto wake namna ile bure.

Miaka minne watu walipita kwa miguu na hakuna kilichotokea. Mwaka huu vijana wakatandika mbao pana, ili mkokoteni wa ng'ombe uweze kuvuka. Nilikuwapo. Niliwasaidia kupigilia misumari. Yaliyotokea wiki tatu zilizopita unayajua, ulikuwa mmoja wa waliokimbia. Mkokoteni wa baba Sekela ukiwa na magunia ya mpunga kutoka Ubaruku ulifika robo ya daraja, daraja likaegama upande kama yale mabua manne, mbao zikafunguka. Ng'ombe mmoja akafia mtoni. Mama Sekela alivunjika mguu mahali pawili, na mganga wa zahanati anasema atatembea, ila si kama zamani.

Nilishuka mtoni na wengine kumtoa. Nilimshika kichwa. Aliniambia, "Ndaga, mzee," akinishukuru kama ninayemfanyia hisani, na mimi nikaipokea shukrani hiyo.

Watu walipotazama juu waliona chuma kimoja hakipo. Jumbe akaniita mimi, kwani nani mwingine analijua daraja? Akaniuliza mbele ya wote, chuma kile kimeanguka ama kimetolewa? Nilikuwa na nafasi pale, Atu. Ilikuwa wazi kama mlango. Nikasema kimetolewa, na kwamba aliyekitoa ni mtu anayejua vyuma. Sikutaja jina. Nilijiambia sikusema uongo. Lakini macho yote yaligeuka kwa Mzee Halinga, na mtu mmoja nyuma akasema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nikayaacha macho yaende kule yalikokwenda.

Umeona yaliyofuata. Hakuna anayempelekea jembe. Wajukuu wake wanarudi kutoka kisimani ndoo zimemwagwa. Kesho jumbe anakata shauri, na yanayosemwa ni kwamba atafukuzwa bonde hili, arudi Mbozi na mvukuto wake. Ana umri wa baba yangu. Na wewe mwenyewe, mwanangu, juzi ulisema hapa mezani kwamba mwizi wa daraja afungwe. Nililitema tonge kiganjani. Mama yako alidhani ni mfupa.

Wiki tatu nilijipa sababu. Ya kwanza, kwamba nikisema watang'oa kengele na shule itaaibika. Ya pili, kwamba mama yako atakosa uso wa kwenda nao kanisani. Ya tatu ndiyo niliyoishikilia sana: wewe. Nilisema acha mtoto aondoke kwanza akiwa na jina safi, aingie chuo cha ualimu, akae, halafu. Ijumaa nilikwenda kwa Mzee Halinga nikiwa na nia ya kumwomba avumilie wiki moja. Nilimkuta amekaa mbele ya moto uliozimika. Nilianza kuzunguka, nikauliza hali ya wajukuu. Akanikatiza.

"Mwakalinga, tundu lile nililijua siku ile ile. Nimekuwa nangoja miguu yako ikulete."

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Ningesema ingekuwa neno la mhunzi juu ya mzee wa kanisa. Na mtoto wako yuko mlangoni kusafiri. Mwache aende kwanza. Mie nimefukuzwa sehemu mbili kabla ya hapa, najua kufunga mzigo."

Sababu yangu ile ile, Atu, ikitoka mdomoni mwa mtu niliyemwangamiza. Aliniletea kama zawadi. Nilipoisikia kwake niliona jinsi ilivyo chafu. Mzee anafukuzwa ili binti yangu apande lori na jina safi. Nilimwambia hapana. Nilimpigia magoti, na magoti yangu unayajua, kuyakunja ni kazi na kuyakunjua ni kazi zaidi. Alinishika kwapani akaniinua, akasema kama nimekwisha kuamua basi nilete vipande vyote viwili ataviunga, kwani mshono mzuri wa motoni unashinda chuma chenyewe.

Kwa hiyo nimeamua, na usijaribu kunibadilisha kwa barua. Kesho nitasimama kwa jumbe na chuma begani nieleze kama nilivyokueleza hapa. Nitasema pia lile neno la mtu anayejua vyuma, kwa kuwa hilo ndilo lililomuumiza Halinga kuliko wizi wenyewe. Uzee wa kanisa nitaurudisha. Shamba la baba Sekela nitalilima mimi mpaka mkewe asimame, na ng'ombe wetu mwekundu anakwenda kwao. Kama bwana shauri wa serikali atataka kunifunga, nitafungwa. Vyovyote itakavyokuwa, namba kumi na nne inarudi mahali pake, nami nitakuwa wa kwanza kuvuka na mkokoteni uliojaa, tena nitausimamisha robo ya njia nigonge.

Nawe utafika Iringa na sifa ya baba uliyokuwa huna jana. Habari zitakufuata, wako wanafunzi wa huku. Sitakuambia uvumilie, maana mimi ndiye niliyekutia humo. Ukiona haya, ona haya. Ukitaka kutoniandikia kwa muda, nitangoja. Ila usishuke kwenye lori. Ukishuka kwa ajili yangu, nitakuwa nimetoa chuma cha pili kutoka mahali pake, na huyo siwezi kumuunga motoni.

Siku moja utasimama mbele ya watoto, na watakuwapo wawili watatu wasiosema kitu. Utawauliza na watakujibu kama mti. Mwenzio nilidhani kimya ni uvivu. Ngoja mpaka mzigo ufike robo njia ndipo useme nani anabeba na nani habebi. Ni hilo tu ninalolijua, na nimelinunua kwa mguu wa Mama Sekela, kwa hiyo usilipoteze.

Nyundo ningependa kukupa, ila nitaihitaji.

Leo baada ya ibada ulikuwa unakunja nguo ukainua kichwa ukauliza nani anagonga kengele Jumapili, tena pigo moja tu. Mama yako akasema labda ni watoto. Ni mimi, nilikuwa nakishusha chuma kikaniteleza kikapiga ukuta. Nilikishika kwa mikono miwili mpaka kikanyamaza. Kesho saa moja utaingoja kengele kwa mazoea, nayo haitalia, na watoto watachelewa shule. Watu wakikuuliza, waambie baba yako ameichukua, na waambie ameipeleka wapi.

Mimi baba yako,
Mwakalinga